Simu za Zamani, Mwisho Bonane

Kila Desemba mimi huchoka kabla ya watu wengine. Wenzangu wa Kasongo huchoka baada ya Bonane, sikukuu yetu ya mwaka mpya, wakishakula na kucheza. Mimi naanza mapema, kwa sababu redio yetu ndogo haijui likizo, na kadiri sikukuu zinavyokaribia ndivyo watu wanavyozidi kutuletea mambo yao: kilio cha huyu, arusi ya yule, salamu za Noeli za mtu wa kule Wamaza kwa shemeji zake wote mmoja mmoja kwa jina, na mbuzi aliyekata kamba. Yote hayo nayasoma mimi. Mvua ikipiga bati la studio inabidi nipige kelele, na jioni narudi nyumbani koo limekauka, sitaki hata kusalimiwa.

Mwaka ule, juu ya mzigo huo, nikatwishwa kipindi cha teknolojia. Kijana anayeshika kipindi hicho alikwenda Kindu kwa wazazi wake. Na kipindi kina mfadhili, mwenye duka sokoni anayeuza simu na vikava vya kuzifunika, naye alitaka kisikike kila jioni mpaka Bonane. Mkurugenzi akaniita. "Mama, weye unajua Kifaransa. Soma tu karatasi hizi, geuza Kiswahili, basi." Basi! Kana kwamba hilo "basi" ndilo lingenisomea.

Nikasoma. Nikawaambia watu wa Kasongo kwamba imetoka simu ya kukunjwa kama leso. Nikawaambia kuna saa inayohesabu mapigo ya moyo wako ukiwa umelala, na miwani ya kutazama nyumba ambayo haipo. Nikawaambia kwamba huko Ulaya watu wazima wanapanga mstari mbele ya maduka, kwenye baridi, wanunue mashine mpya ya michezo, kwani watoto wao wameukataa mchezo wa mpira wa mwaka jana: wachezaji wake wamezeeka. Mimi nasoma hayo, na nje ya dirisha watu wamekaa kwenye kibaraza chetu wanangoja jua lichaji simu zao kwenye pano ya sola ya redio. Wakati mwingine nilicheka peke yangu. Mara nyingi nilikasirika, na hasira ya mtu aliyechoka haina mlengwa, inamwangukia yeyote anayepita.

Jioni moja, kati ya Noeli na Bonane, nikakuta habari fupi chini ya ukurasa. Ile programu ya ujumbe tunayoitumia sote, ya kuandikiana na kutumiana sauti, itaacha kufanya kazi kwenye simu za zamani kuanzia siku ya kwanza ya mwaka. Wenye simu hizo wanashauriwa kupata nyingine kabla ya tarehe hiyo. Nikaisoma kama ilivyo, nikaweka muziki, nikaenda kulala.

Asubuhi nikakuta kibaraza kimejaa. Sikujali, nilidhani ni wale wa kuchaji. Nikafungua mlango, mzee mmoja akaniwekea simu mkononi, kisha juu yake kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho.

"Niandikie," akasema.

"Nikuandikie nini, Baba?"

"Simu ya zamani, si nimeleta? Mpya mutatoa lini?"

Nikawatazama. Wote walikuwa watu wa makamo na wazee. Wengine walizifunga simu kwenye leso, mama mmoja alikuwa na mbili, moja yake, moja ya marehemu mumewe. Hapo ndipo nilipoelewa. Zamani, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, redio ilisema siku moja kwamba noti za zamani hazitakuwa na kazi tena, na siku za kuzibadilisha zilikuwa chache. Aliyewahi alipona. Aliyechelewa alibaki na magunia ya karatasi. Mtu aliyepita pale, redio ikimwambia kitu cha zamani kinaisha tarehe fulani, haulizi ni kitu gani. Anakibeba, anatafuta dirisha la kukibadilishia. Na dirisha, kwao, lilikuwa mimi, maana ndiye niliyetangaza. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Hakuna serikali katika jambo hili, hakuna simu mpya, kila mtu arudi na yake. "Basi mbona mulitangaza?" aliniuliza yule mama mwenye simu mbili. Mfadhili wetu alipita akanipongeza kwamba kipindi kinasikilizwa. Nilimjibu vibaya, afadhali nisirudie hapa.

Nilipanga kusahihisha hewani jioni ile. Kabla sijafika huko, alasiri, piki ikasimama mbele ya redio, matope mpaka kwenye usukani, na aliyeshushwa kutoka nyuma alikuwa baba yangu.

Baba anakaa Kabambare. Ile njia wakati wa mvua si njia, ni adhabu. Vijana wanashuka mara kwa mara kusukuma, na yeye kwa umri wake hafai hata kuifikiria. Alikuwa amelowa hadi kofia. Alishika mfuko wa plastiki, ndani yake kitambaa, ndani ya kitambaa simu.

"Mama," akaniambia, maana mimi nina jina la mama yake, "safari hii sikuchelewa."

Nikatamani ardhi ipasuke. Baba alikuwa mmoja wa wale wa magunia. Alikuwa na akiba ya mpunga aliouza misimu mizima, na alipofika na baiskeli yake kutoka Kabambare alikuta dirisha limefungwa. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikua tukicheza duka na zile noti. Yeye alikuwa akitutazama tu, hakutukataza.

Nikamkalisha, nikampa chai, nikamwambia ukweli taratibu. Hakuna cha kubadilisha. Simu ile kweli itakatwa kwenye programu, ni ya zamani mno, lakini tochi itawaka na redio itasikika, na hayo ndiyo anayoyatumia. Nilidhani ataona nafuu.

"Na sauti?" akasema.

"Sauti gani?"

Akazungusha kikombe.

Hapa inabidi niseme habari ya mdogo wangu. Aliolewa na mwalimu wa shule ya wapadri, mtu asiye wa dini yetu, kisha wakavuka ziwa, wakahamia huko. Baba alisema mbele ya watu kwamba hana tena binti wa pili. Hasira, hasara, lakini ilishasemwa, na baba yangu si mtu wa kumeza neno lake. Simu ile aliinunua mdogo wangu, akaipitisha kwa wachuuzi, akanipigia kuniambia kwamba atakuwa anamtumia Baba sauti kila Ijumaa. Baba aliipokea kama mtu anayepokea barua ya mahakama, akasema ataitumia kwa tochi. Miaka yote mdogo wangu alikuwa akinilalamikia: "Dada, sijui kama anasikiliza, hajibu hata kukohoa." Nami nilikuwa namjibu amwache mzee.

"Baba, unazisikiaga?"

"Iko jirani alinionyesha mahali pa kubonyeza." Hakuniangalia. "Kule juu ya kilima, karibu na shamba, ndiko réseau ya simu inaingia. Nabeba jembe, nasema naenda kulima."

Kumbe! Miaka yote hiyo, kila wiki, mzee anapanda kilima na jembe begani, msimu wa kulima na msimu usio wa kulima. Nilicheka, kisha nikalia, vyote kwa pamoja, kama mwenda wazimu. Baba alikasirika. Alisema hakutoka Kabambare kuja kuchekwa.

"Basi mujibu," nikamwambia. "Mujibu sasa, kabla haijakatwa."

Alikataa. Alisali alasiri, akarudi, akakataa tena. Kisha akauliza kitufe ni kipi. Nikamwonyesha, nikamshikia simu karibu na mdomo, nikabonyeza. Baba yangu akakaa wima, akasafisha koo, akaanza kusema kwa sauti ya kupaza, na mara nikaitambua sauti hiyo. Ilikuwa yangu, ile ya kusomea matangazo. Kwa mtu wa Kabambare, kuongea na aliye mbali ni tangazo la redio, hajui namna nyingine.

"Tangazo," akasema. "Mzee wa Kabambare anamujulisha binti yake mwenye kuwa ng'ambo ya ziwa kwamba yeye iko muzima. Anamujulisha kwamba alisikia yote. Mutoto wa kwanza, alisikia. Ugonjwa ule, alisikia, aliomba dua. Mutoto wa pili mwenye walipatia jina lake, alisikia." Hapo kikohozi kikamshika, kikavu, kirefu, nikangoja bila kuachilia kitufe. "Anamujulisha kwamba hakuna neno tena. Bwana yake asalimiwe. Wote wenye kusikia tangazo hili wamufikishie."

Nikaachilia.

Sauti haikwenda. Kisaa kidogo cha kungoja kilikaa pale pale karibu na ujumbe. Kila mwisho wa mwaka ndivyo ilivyo, nchi nzima inatumiana salamu na mtandao unalemewa. Tukaizungusha simu uani, tukaiweka juu ya ukuta, kwenye kiti, dirishani. Nikaenda kusahihisha habari yangu hewani, nikarudi, kisaa kipo. Siku iliyofuata kipo. Baba hakurudi kwake. Alikaa kwenye kibaraza cha redio, simu juu ya goti, na kila aliyekuja kuleta salamu zake za Bonane, Baba alimtazama kama mtu anayeizibia njia salamu yake. Nilimwonea huruma mpaka nikachoka kumwonea huruma, maana hata huruma inachosha.

Asubuhi ya Bonane, nilipomletea chai, akanipa simu. Programu ilikuwa imefunga mlango. Maandishi ya Kifaransa tu: simu hii haifai tena, tafuta nyingine. Hatukuweza hata kuona kama tangazo lake lilitoka au lilifia pale. Baba akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia. Akaifunga simu kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mfuko, akauliza piki za Kabambare zinaondokea wapi.

Tulikuwa tukimngoja mwendesha piki ajaze mafuta, simu yangu ikalia. Ni simu iliyopasuka kioo, ilinusurika chupuchupu kwenye hukumu ya mwaka ule. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mdogo wangu. Mwanzoni alikuwa analia tu. Kisha akasema, "Dada, nimesikia. Nimesikia yote, tumeisikiliza nyumba nzima. Sasa niambie, kile kikohozi Baba anacho tangu lini? Amefika kwa daktari? Mbona hamuniambii mambo?"

Nilimpa Baba asikie. Akasikia. Akaniambia nirudie. Watoto walikuwa wanapita wakiimba na kudai zawadi zao za bonane, ikabidi aibane simu sikioni na kuziba sikio lingine kwa kidole.

"Nimwambie nini?" nikamwuliza.

"Nitamwambia miye mwenyewe."

"Haya, ongea."

"Si hapa," akasema. "Kule shambani." Akaitia simu yangu mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, akapanda piki.

"Baba, hiyo ni simu yangu ya kazi."

"Weye uko na redio," akasema. "Miye niko na nini?"

Nikaingia ndani, nikamletea chaja.