Mgomba Ndani ya Sanda

Kaka yangu alipanda treni hapa Kilosa kwenda Kigoma, akapata kazi ya kupaka grisi mitambo kwenye meli ya mizigo. Ilikuwa meli kuukuu, iliyoundwa kutumia mvuke na baadaye ikafungwa injini ya dizeli. Akija likizo, nguo zake zilinuka mafuta hata baada ya kufuliwa. Meli ilipozama ziwani, yeye hakuonekana.

Wazee wa ukoo wakasema tufuate desturi yetu kwa aliyepotelea majini: tukate shina la mgomba, tulivishe sanda, tulizike. Mama akakataa. Alisema hawezi kufukia mgomba wakati huenda mwanawe ameokolewa na wavuvi. Kaburi lililokwisha kuchimbwa likabaki wazi, na waliokuja msibani wakaendelea kula.

Mtani wetu mmoja, mama mnene wa Magomeni, alivaa ovaroli ambayo kaka aliiacha likizo ya mwisho, akaketi ndani ya beseni na kupiga kasia kwa mwiko.

"Nahodha, maji yameingia. Niongezee wali nizame nimeshiba."

Watu wakacheka. Ni haki ya watani, najua. Lakini nilipoona punje za wali kwenye kola ile, niliinuka nikaenda kukaa nyuma ya choo.

Kisha akafika shemeji yetu, mume wa mdogo wangu, kutoka Mikumi. Alikuwa na video kwenye simu: miili ya watu wa meli ile imelazwa ufukweni. Ikapita mkeka kwa mkeka. Watu waliitazama huku wakilamba mchuzi vidoleni, wakibishana nani amevimba zaidi. Yule mtani peke yake aligeuza uso.

Mama akaiomba simu. Nilimsihi shemeji asimpe. Akanijibu kwamba mama ni mtu mzima, akampa, tena akaongeza sauti.

Kwenye video mwanamume alikuwa amelala kifudifudi. Mtu akamgeuza kwa ncha ya kiatu ili uso uonekane, na mwingine akacheka.

Mama alitazama mpaka mwisho.

"Si yeye," alisema. "Kateni mgomba. Mzikeni leo, kabla hawajampata."

Mtani akavua ovaroli, akaifuta kola kwa kanga yake, akaikunja. Tukaiweka pamoja na shina.

Wakati wa kulishusha niliinua macho. Shemeji alikuwa amepanda juu ya rundo la udongo, simu mkononi, akituomba tusogee kidogo apate sanda vizuri.