Kinyozi wangu na neno "homie"

Leo nimejifanya mwalimu kwa kinyozi, nikajuta.

Huyu kijana wa hapa Njiro huwa ananiita "homie". Nikamwambia neno lilianza kwa Wamarekani weusi waliohamia mijini. Walimwita hivyo mtu waliyetoka naye kwao.

Akafurahi huyo!

"Kumbe sisi ni homie kabisa, si wote wa Marangu? Desemba twende wote nyumbani!"



Tangu tumzike mama, nyumba yetu ya kule ina kufuli. Wadogo zangu wako mbali.

"Siendi," nikasema. "Sina mtu kule."

Mashine ikaendelea kunguruma. Akanipangusa shingo taratibu, kama mgonjwa vile.

"Karibu tena, bosi."

Bosi, jamani.

Kuna mwingine anabaki mjini Desemba?