Bibi Funika na Vifaranga Wake

Jina la Bibi Funika halikutoka kwa baba yake. Lilitoka kwa majirani, na kusema kweli alilistahili. Nyumbani kwake hakukuwa na kitu kilichoachwa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, jagi la maji lilivaa sahani na juu ya sahani kitambaa, na hata cherehani aliyoshonea nguo za mtaa mzima ilikuwa na gauni lake. Marehemu mumewe alikuwa akisema anaogopa kusinzia kitini, asije akaamka amefunikwa.

Utani huo uliisha siku vifaranga wake wa kwanza walipokufa. Aliwalea katika chumba cha kushonea, ndani ya boksi kubwa, chini ya balbu. Mvua iliponyesha aliwaonea huruma, akatandika blanketi juu ya boksi, na kwa kuwa hakuzoea kazi ya nusu nusu, akalibana kwa pini pande zote. Alipofunua, wote walikuwa wameshakauka. Muuza dawa za mifugo alisema wamekufa kwa joto na kukosa hewa.

Bibi Funika alilia, lakini kilichomuuma zaidi kilikuja baadaye. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa na mtoto mchanga, na likizo yake ya uzazi ilikuwa ukingoni. Siku zote ilijulikana kwamba mtoto atashinda kwa bibi yake. Baada ya habari ya vifaranga, mkwe akaanza kuulizia yaya. Hakusema kwa nini. Ni binti mwenye adabu zake. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Bibi Funika alielewa, na baya zaidi, hata yeye hakujiamini tena.

Ndipo akachukua vifaranga wengine. Majirani walimwona amerukwa na akili, ila yeye alitaka kujua jambo moja tu: kama mikono yake bado inaweza kulea. Alikwenda kwa muuza dawa, akakaa kwenye kigoda akasikiliza. Aliambiwa asiitazame balbu, awatazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wana joto, wakitawanyika wakala na kunywa awaache kama walivyo. Na juu ya boksi ni wavu tu wa kuzuia paka, blanketi marufuku.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mchana mmoja wa mvua, umeme ulipokatika. Mikono ilimwasha jamani. Alilitoa blanketi kabatini, akalirudisha, akalitoa tena. Mwisho akaliweka kitini akalikalia, ili likae mbali na dhambi. Kisha akainuka kuchemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazivika chupa soksi za marehemu na kuzilaza katikati ya boksi. Vifaranga wakazisogelea mmoja mmoja. Akarudi juu ya blanketi lake kuwalinda, na mvua ikambembeleza mpaka akasinzia.

Alipoamka, chumba kilikuwa kimya. Mkwewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani, amepita kumsalimia. Bibi Funika akainama juu ya boksi. Vifaranga walikuwa wamelala chali na ubavu, miguu imenyooka, shingo zimelala kwenye maranda kama uzi uliokatika. Akaketi sakafuni.

"Nimewaua tena," alisema. "Mwanangu, usiniachie mtoto. Mtafute huyo yaya."

Mkwe alipiga magoti, akaondoa wavu, akamgusa kifaranga mmoja kifuani kwa kidole. Kifaranga akafungua jicho, akamtazama kama mtu aliyekatishiwa usingizi wake halali, akanyoosha mguu na kulala tena. Wa pili alilalamika. Wa tatu alisimama kabisa, akamkanyaga mwenzake kichwani akienda kunywa maji, na muda si muda boksi zima lilikuwa kelele tupu.

"Wamelala, mama," mkwe alisema. "Wamepata joto, wameshiba, wamelala."

Bibi Funika alicheka huku machozi yakimtoka. Muuza dawa alimfundisha dalili zote za shida, akasahau kumwambia kwamba kifaranga aliyeridhika hulala kama maiti.

Mkwe hakucheka. Alikaa sakafuni kando yake, mtoto amelala begani.

"Hata mimi," alisema polepole, "huyu akilala sana humwekea kidole puani nijue kama anapumua. Namwamsha bure, halafu analia na mimi nalia. Sijamwambia mtu, hata mwanao hajui. Nilidhani mimi tu ndiye ninayeogopa."

Bibi Funika alimwambia kwamba mwanawe huyo huyo, alipokuwa mchanga, yeye mama yake alikuwa akimwekea kioo cha mkononi mbele ya mdomo aone kama kitaingia ukungu. Hapo wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo kichwani. Bibi Funika alitamani kuomba amshike mtoto, ila aliogopa kukataliwa.

Hakupata nafasi ya kuomba. Mkwe alimshusha mtoto begani, akamlaza mapajani mwa bibi yake, akainuka kwenda jikoni kutafuta chochote cha kula.

"Jumatatu naanza kazi," alisema akiwa mlangoni. "Nitamleta asubuhi. Na akilala sana, mama, mguse tu."