Elise Analala kwa Fidélie

Mwanamuke niliyemuonea wivu kuliko wote mu maisha yangu, nilimukuta uchi juu ya kitanda. Hakuwa na kichwa. Hakuwa na miguu.

Ngojeni niwaelezee, musinitukane kabla sijamaliza.

Ni Kolwezi, miaka ya Zaïre, wakati tunaitana citoyen na citoyenne. Mi naitwa Mbelu. Bwana yangu Kazadi alikuwa seremala mu atelier, karakana ya mgodi. Mwanaume wa mabega mapana na maneno machache. Shati yake ya Jumapili ni mi mwenyewe nilikuwa naipiga pasi mpaka kola inasimama. Alikuwa wangu. Nasema hivyo mujue nilikuwa mwanamuke wa namna gani.

Siku moja cercle, klabu ya camp yetu ya wafanyakazi, ikaleta filme ya ndege za vita.

Ya kwetu, ya Zaïre! Capitaine mweusi kama sisi, anapiga mamluki kutoka juu. Salle ilijaa mpaka batu wakakaa kwenye madirisha. Ndege ikipaa, makofi. Bendera ikitokea, wote wima. Wazee wazima walikuwa wanamupigia kelele capitaine kama vile anawasikia: "Nyuma yako, papa! Angalia nyuma!"

Halafu ikafika ile sehemu.

Ndege imepigwa, moshi unatoka mbele. Capitaine anaanguka, jasho mu macho, na analia kwa sauti ya kukata roho: "Elise! Elise! Mon Dieu, Elise!"

Filme ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa chetu wanawake wengi kilikuwa cha bonjour na merci. Lakini hapo hatukuhitaji wa kututafsiria. Tulilia wote.

"Mwanaume anakufa, na anaita bibi yake!" jirani yangu Tshibola alisema, anapangusa kamasi na pagne, kitenge chake. "Wangu akianguka pale, ataita pombe."

Tulishangaa kidogo, maana majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa na sheria ya authenticité, na hapa ofisa wa Serikali anaita Elise mbele ya watu.

Tshibola akasema, "Mapenzi haijue authenticité."

Tangu siku ile, camp nzima iliugua filme. Batoto walikimbia mikono wazi mpaka wanagonga kuku. Wanaume wakaanza kutembea kifua mbele, hata wale wa matumbo makubwa. Na sisi wanawake tukawauliza mabwana zetu swali moja tu: "We ukianguka, utaniita?"

Nilimuuliza Kazadi.

Akacheka. "Mi naanguka kutoka wapi? Juu ya meza?"

Jina langu hakulitaja. Niliiweka mu moyo.

Kila filme ilipoonyeshwa tena, alirudi kuiangalia. Peke yake. "Baki nyumbani, utachoka," ananiambia. Nikafika hatua ya kumuonea wivu hata yule capitaine.

Basi mchana mumoja naanika nguo nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa uzio, Kazadi na rafiki yake Badibanga, mupaka rangi wa atelier, wanaongea chinichini.

"Elise iko namna gani?" Badibanga anauliza.

Nikabaki na shati mukononi, mbichi, inachuruzika maji kwenye miguu yangu.

"Muzuri sana, mon vieux," Kazadi anasema. "Jana nilimupakala mafuta mwili yote. Anangaa!"

"Na kuzunguka?"

"Ukimugusa kidogo tu, anaanza."

"Analala wapi?"

"Kwa Fidélie. Kwangu hapana nafasi, iko murefu. Halafu bibi yangu asijue. Chef alisema siri mpaka siku ya défilé, ya gwaride."

Mama yangu! Nilikaa chini palepale mu matope.

Kwa hiyo amemupa malaya wake jina la bibi ya capitaine! Mi, mwenye kumuzalia batoto, sikuitwa hewani wala ardhini. Ule mwezi niliugua homa, hata mugongo hakunipakala mafuta. Na eti murefu! Mi niko mufupi. Eti anangaa! Ngozi yangu ilikuwa imekauka na kiangazi kama ya mutu anayelala kwenye unga.

Usiku nilimuangalia akila bukari, ugali wa mikono yangu, nikatamani akabwe nayo.

Sasa huyu Fidélie, mumujue. Alikuwa mujane, mushonaji, mistari miwili ya nyumba kutoka kwetu. Mu makaratasi alikuwa na jina lingine, lakini camp nzima tulimwita vile. Mwanamuke mupole, blauzi zangu zote alinishonea yeye. Kumbe ananipima kifua huku anamufuga malaya wa bwana yangu!

Kesho yake nikafunga mizigo. Nikamuambia Tshibola, "Nikimukuta huyo Elise pale, ndoa imekwisha. Narudi Lubudi kwa baba na treni ya kwanza."

Tshibola alivaa viatu mbio. Filme ya bure, nani anaikosa?

Fidélie alitufungulia na sindano mudomoni.

"Karibu, Mama Mbelu. Unatafuta nguo?"

"Natafuta Elise."

Akatoa sindano. Uso ukabadilika rangi. "Nani alikuambia?"

"Kwa hiyo iko humu!"

"Mama Mbelu, tafazali, ni siri ya..."

Sikungoja. Nikamusukuma, nikaingia chumbani. Juu ya kitanda kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa pagne mpaka juu.

"Elise!" nikapiga kelele. "Amuka, mushenzi we! Amuka umuone mwenye bwana!"

Nikavuta pagne.

Mbao.

Mbao ndefu, imechongwa, imepindwa kidogo kila upande, inangaa mafuta, ncha zake zimepakwa rangi nyekundu. Katikati tundu.

"Hélice," Fidélie akasema nyuma yangu, na tayari kicheko kilikuwa kinamutikisa. "Hélice, Mama Mbelu, siyo Elise, ni masikio inafananisha! Ile mbao inazunguka kwenye pua ya ndege! Vijana wa chama wanapamba camion, lori ya siku ya défilé, ifanane na ndege ya ule capitaine. Bwana yako anachonga hélice, mi nashona mabawa."

Tshibola alianguka chini kabisa. Alicheka mpaka akashika tumbo, mpaka pagne ikamufunguka.

Halafu akakaa ghafula.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kwa hiyo ule capitaine hakuwa anaita bibi yake?"

"Hapana. Hélice yake ilikuwa imevunjika."

"Alikuwa analilia *mbao*?"

Weee! Habari ilizunguka camp kabla ya jioni. Jumapili iliyofuata, capitaine alipoanza kulia "Hélice! Hélice!", wanawake wote wa Kolwezi, kama wamepatana, wakamuzomea. "Nenda kule! Kufa na mbao yako!" Wanaume wakakasirika, wanasema tunatukana jeshi la taifa. Wapi! Tulishatoa machozi yetu, nani aturudishie?

Mi wakanipa jina, Mama Hélice. Nikipita sokoni, watu wanazungusha mikono. Nami nilizungusha yangu. Nilikuwa na furaha, jamani. Mizigo nilifungua. Kazadi alinicheka wiki nzima, nikamuacha anicheke. Siku ya défilé mbao yake ilizunguka mbele ya camion, Kolwezi nzima inapiga makofi, nami nalia, "Ni bwana yangu aliichonga!"

Mbele ya Fidélie ndiyo nilisikia aibu. Nilikuwa nimemusukuma mu nyumba yake mwenyewe. Nikapika majani ya sombe na makayabo, samaki ya chumvi, nikapiga bukari laini, nikamupelekea.

"Nisamehe, dada yangu."

"Aah, Mama Mbelu, ilikwisha. Kaa tule."

Tukala. Tukacheka tena, nikamuigizia namna nilivyovuta pagne, yeye anaziba mudomo bukari isimutoke. Machozi yalikuwa yanamushuka. Akanipiga kofi pajani.

"Usisikie aibu hata kidogo," akasema. "Hata mi, mara ya kwanza alipoita Elise mu usingizi, nililia sana. Nilisema, huyu mwanaume iko na mwingine!"

Akacheka.

Akacheka peke yake.

Kisha mukono wake ukasimama juu ya sahani.

Kweli, Kazadi anaongea mu usingizi. Mi najua, mi bibi yake namusikia kila usiku. Isipokuwa zile wiki anazoniambia eti amepewa zamu ya usiku.

Seremala. Zamu ya usiku. Nani anakuja kutaka kiti usiku?

"Mama Mbelu," Fidélie akaanza, "nilitaka kusema..."

Sikutukana. Sikupiga. Nilichukua sahani yangu, na sombe iliyobaki ndani. Asingeila hiyo.

Treni ya Lubudi niliipanda na batoto wangu wote. Kazadi alikuja mpaka gare, anakimbia pembeni ya behewa, na siku ile, jamani, alilia jina langu kwa sauti ya kukata roho: "Mbelu! Mbelu!" Abiria wote wanageuka, mama mumoja anapangusa macho, anasema, "Angalia mwanaume anavyomupenda bibi yake."

Nilifunga dirisha.

Dada zangu munaosoma hapa, watu wakicheka wivu wenu, chekeni nao, kicheko ni kizuri. Lakini mukimaliza kucheka, ulizeni tena. Mi niliona hélice nikasahau kuuliza kitanda.

Jina nilikosea. Nyumba sikukosea.