Barua Zangu Ziliziba Redio, ya Mama Leoncia Ikachelewa

Nimekosa. Msinitafutie sababu, maana mwenyewe nimezitafuta zote na hakuna iliyonisaidia.

Nilimaliza chuo Dar, nikakosa kazi, nikarudi nyumbani Mpanda. Ofisi moja ya misaada hapa Majengo ikanichukua nijitolee kwenye kompyuta yao. Barua pepe zetu zilipita kwenye redio ya upepo, ile ya kuitana na ofisi nyingine. Jenereta ikiwashwa jioni, redio inazivuta moja moja, iliyotangulia kwanza, taratibu kama uji mzito.

Rafiki yangu wa chuo alikuwa amenipa sidii za programu za bure, zile zinazotengenezwa na watu wa kujitolea huko duniani. Ukiona kasoro, unawaandikia. Nami nikaona kasoro! Katika vifurushi vingi, yaani programu moja moja na mafaili yake, ukurasa wa maelekezo ulikuwa umewekwa kwenye folda isiyo yake. Programu zenyewe zilifanya kazi vizuri kabisa.

Mtu mwingine angeandika barua moja: jamani, mmekosea hapa, angalieni na kwingine. Mimi nikawaza. Nikiziweka pamoja, wataniona mvivu. Wakisoma juu juu je? Tena jina langu likionekana mara nyingi, huenda mtu akanipa kazi. Nikaandika barua kwa kila kifurushi, nikazituma zote kwa mkupuo.

Masanja, dereva wetu, Msukuma wa utani mwingi, alichungulia.

"Nyie wasomi! Mnawaandikia watu eti karatasi imekaa vibaya? Kwetu kuna ng'ombe hana mkia, na maziwa anatoa!"

Nilicheka. Laiti ningemsikiliza!

Kila barua ilijibiwa na mashine yao: tumepokea, asante. Kisha wenye vifurushi nao wakajibu, kila mmoja na lake. Zote zikapanga foleni kwenye redio yetu.

Mama Leoncia alikuwa mpishi wa ofisi, mtu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, aliyekimbia Burundi akiwa msichana. Wenzetu wa ofisi ya Kigoma walikuwa wanamtafutia mdogo wake kwenye kambi za wakimbizi. Kila jioni alisimama mlangoni na kitambaa begani.

"Mwanangu, haijaja?"

"Bado, mama. Zinaingia zangu kwanza."

"Hiyo mashine yako inakula tu, haishibi?"

Ningeweza kuwaita Kigoma kwa sauti, kwenye redio ile ile, nikauliza. Nikawaza: wakijua nimeziba redio kwa mambo yangu, watanifukuza. Nikanyamaza. Jioni ya pili nikanyamaza tena.

Barua ya Mama Leoncia ilipoingia kutoka Kigoma, niliisoma nimesimama. Mdogo wake amepatikana, mzima! Anauliza kama dada yake bado yu hai. Wenzake wanarudi Burundi Jumamosi. Asipopata jibu, naye atakwenda nao, kwa sababu huku hana mtu.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, Jumamosi yenyewe imeshapita.

Ndipo nikawaita Kigoma. "Ameshavuka mpaka," wakasema. Kule vita ilikuwa haijaisha. Mpaka sasa hatujasikia habari zake.

Nilimsomea Mama Leoncia barua, nikamwambia imechelewa kwa sababu redio iliharibika. Akakaa juu ya gunia la mchele, akasema, "Basi." Kisha akainuka kuangalia sufuria yake. Sikulia. Sijalia mpaka leo. Nakula, nalala, naamka, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima.

Baadaye mmoja wa wale wa kujitolea aliniandikia, bila hasira. Kazi ile huifanya akitoka kibaruani, hakuna anayemlipa. Kosa lilikuwa la aina moja, barua moja ingetosha. Amechoka, anamwachia kifurushi chake yeyote anayekitaka. Huyo naye nilimpoteza!

Wewe kijana uliyekabidhiwa mashine ya watu, kabla hujatuma vitu vyako vidogo vidogo, uliza nani mwingine anasubiri kwenye njia hiyo. Na ukishaharibu, piga kelele mapema! Wakufukuze. Kufukuzwa ni kitu kidogo sana, sasa nakijua.

Mama Leoncia bado anakuja mlangoni na kitambaa chake, akingoja habari za mdogo wake kutoka Burundi. Foleni imekwisha siku nyingi. Nikiwasha redio, inamaliza papo hapo.

"Haijaja?"

"Bado, mama."