Kikwembe Nilichokifungua Kabla ya Siku Yake

Aibu yangu mimi haina haja ya kutafutiwa mashahidi, maana wa kwanza walikuwa elfu nne kwenye simu na wengine walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki pale Kyebando, wamependeza, na ninaisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine akaitia chumvi (ingawa sijui ataitia wapi, kila mahali imeshakolea).

Mnajua nauza vikwembe. Vitenge, kwa nyinyi wengine. Kwetu Bukavu tunasema vikwembe na hapa Kampala nimeshindwa kubadilika. Siku hizi ukikaa dukani Nsambya ukimngoja mteja aingie kwa miguu yake utazeeka, mteja yuko kwao amejilaza na simu, kwa hiyo nami nikanunua taa ile ya duara na kistendi cha simu, nikawa naingia laivu kila siku saa kumi. Watazamaji kumi na mmoja. Hapo ukitoa dada yangu wa Bukavu na simu yangu ya pili, walibaki tisa.

Sasa kuna Yaya Mapendo. Yaya ni dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Nilipofika mji huu na begi moja, simjui mtu, yeye ndiye aliyenipokea, na miezi mitatu nililala kwenye godoro lake la pekee huku yeye na binti yake Furaha wakilala chini kwenye mkeka. Furaha akakua, akachumbiwa na mtoto wa polisi mstaafu, watu wa kaskazini mwa Uganda, familia kubwa yenye wazee wanaotembea na fimbo na kuitwa afande mpaka leo. Yaya akaja dukani kwangu, akafunga mlango.

"Zawadi, miaka kumi na moja nafulia batu manguo hapa. Ile siku moja tu, nataka bakwe batuone tunaingia, baseme kumbe hawa nabo bana ukoo. Unitafutie kikwembe chenye hakuna mutu amevaa Kampala. Na usikionyeshe mutu."

Hilo la mwisho hakuhitaji kuniambia. Kwetu kikwembe cha ukoo, ile sare ya wanawake wote wa upande wa bibi harusi, hakionekani mpaka waingie wakicheza. Hata fundi cherehani huapishwa. Nikatafuta, nikakipata kwa mwenye mzigo aliyetoka kuingia mjini: buluu nzito yenye michoro ya feni za rangi ya dhahabu, jua likikipiga kinang'aa. Nikanunua vipande ishirini na viwili, nikavifunga kwa kamba, nikaviweka kwenye rafu nyuma ya kiti changu.

Nyuma ya kiti changu, jamani. Mahali ambapo kamera inatazama.

Jirani yangu Brenda anauza viatu, na laivu zake zinajaa watu mpaka unaona wivu. Aliwahi kuniambia, "Dada, watu hawanunui kitu, wananunua siri. Fungua mzigo wakiwa wanaona." Basi siku hiyo niko laivu, kumi na mmoja wangu, mtu akaandika: hiyo iliyofungwa nyuma yako ni nini? Nikajibu kwa fahari, "Hiyo haiuzwi, hiyo ni ya harusi ya watu." Lo! Mwambie mtu kitu hakiuzwi uone. Wakawa sitini. Wakawa mia tatu. Ifungue tu tuone. Mama, ifungue. Mioyo inapanda kwenye kioo kama mapovu ya sabuni, na mimi ambaye sijawahi kupendwa na watu mia tatu kwa mpigo nikasema nitaonyesha kona tu, kona moja, halafu nafunga. (Kona! Nilikivuta chote, nikajifunga kiunoni, nikageuka mara mbili.) Walipofika elfu nne nilikuwa nacheza.

Oda zikamiminika, na naapa sikuuza hata kipande. Nikafuta video, nikajiona mjanja, mwaminifu kabisa, nikidhani siri ni kutouza. Sikujua watu walikwisha kuirekodi, wakaikatakata, wakatumiana, na kesho yake wanawake wakawa wanaingia kwenye maduka ya jumla na picha yangu kwenye simu: tunataka hiki. Mwenye mzigo si mjinga, akaagiza mwingine.

Wiki moja kabla ya harusi nilikwenda Nakawa sokoni kununua nyuzi. Nikainua macho, nikaona buluu na feni za dhahabu, imetundikwa juu ya meza, na mbele yake kibao: KIKWEMBE CHA LAIVU. Mkono ulikuwa tayari kwenye simu nimpigie Yaya, namba yake iko pale, nibonyeze tu, nami nikairudisha simu mkobani. Nikajiambia Kampala ni kubwa. Nikajiambia nguo zimeshashonwa, kumwambia ni kumtia presha bure. Mtu mwoga hakosi sababu.

Siku ya harusi, pale Kyebando, sikula, sikunywa. Tangu asubuhi nilikuwa nakagua wageni mmoja mmoja wanavyoshuka kwenye magari, naangalia kuanzia magotini kwenda chini, natafuta buluu, wanadhani nimepoteza hereni. Upande wa bwana harusi walivaa mambo yao, hakuna hata mmoja. Muziki ukapigwa, tukaingia wanawake ishirini na wawili, Yaya mbele, mabega yanakwenda, buluu inawaka, na wale wazee wa kaskazini wakasimama. Wakasimama wote! Nikamwona Yaya usoni, nami sikuwahi kumwona hivyo, alikuwa amenyooka kama mtu aliyeshusha mzigo. Tukakaa. Kwa mara ya kwanza wiki nzima nikavuta pumzi mpaka mwisho.

Ndipo pazia la nyuma ya hema likafunguliwa, wakatoka wapishi.

Wapishi walitafutwa na upande wa bwana harusi, sisi hatukuwajua. Wanawake wanane, na mabeseni na majagi ya kunawia na taulo begani, na kiongozi wao, Nalongo mmoja (ndivyo hapa wanavyomwita mama wa mapacha) mnene mchangamfu, alikuwa amewashonea sare mpya kwa ajili ya shughuli za msimu huu. Buluu nzito. Feni za dhahabu. Mpaka kilemba.

Watu hawakucheka, na ningependa wangecheka. Walichanganyikiwa tu, na waliochanganyikiwa walifanya kinachofanywa: mmoja akampa shangazi yetu chupa tupu za soda, mwingine akamwuliza binamu nyama iko wapi. Na Yaya, ambaye wakati huo alikuwa amenyanyuka kwenda kuwasalimia wazee wa wakwe, alifika mezani kwao akiwa bado anainama kwa heshima, na ami wa bwana harusi, afande mzee mwenye fimbo, bila ubaya wowote, akamnyooshea mikono.

"Mama, leta maji ya kunawa. Sisi nakaa hapa muda mrefu."

Niliruka kwenye kiti. Nilifika mbio, nikakuta Yaya amesimama hatikisiki, mpishi mmoja yuko pembeni yake na jagi, na kabla sijafungua mdomo Nalongo aliniona. Akafurahi! Akaweka beseni chini, akapiga makofi.

"Eee, nnyabo, mama wa laivu! Wenzangu, si ndo huyu alituonyesha kitambaa? Tulikuona ukicheza nacho!"

Yaya akanitazama. Hakukasirika, na ndicho kinachoniumiza, alinitazama kama mtu anayehesabu siku kurudi nyuma. Halafu akalichukua jagi mkononi mwa yule mpishi, akachukua na taulo akaliweka begani, akaanza kummiminia mzee maji. Nikanong'ona, "Yaya, nipe mimi." Hakunipa.

Na mshereheshaji, ambaye hakuwa ameona lolote, akapaza sauti kwenye spika: "Sasa mama mzazi wa bibi harusi! Mama asimame tumwone!"

Watu wakageuza shingo kutafuta. Na alikuwa ameshasimama, na jagi.

"Mimi huyu," akasema.

Yule afande akanyanyuka kwa shida, fimbo ikaanguka, mikono yake imelowa iko hewani, anasema, "Mama, pole. Mama, mimi hapana jua." Maskini mzee. Yaya akamwambia, "Nawa tu, baba, chakula kinapoa." Akamaliza kummiminia. Akamfuta mikono yote miwili, kidole kwa kidole, hema zima linatazama. Aliponipita kurudi kwenye kiti chake alisema maneno matatu tu: "Nilikuambia usikionyeshe mutu." Furaha alikuwa analia, na mapambo ya uso yanashuka.

Nilikaa siku tisa kabla ya kwenda kwake. Nilikwenda na sukari na mchele, nikapiga magoti, nikamweleza yote, mpaka la Nakawa, mpaka ile simu niliyoirudisha mkobani. Alinisikiliza huku anakunja nguo za watu.

"Kukionyesha, ningekusamehe palepale," akasema. "Simu ni kama pombe, najua. Lakini ile wiki ulijua, Zawadi. Ungenieleza, tungevaa hata ya nyumbani, tungeingia nayo tukicheza."

Halafu akanipikia chai. Akaileta kwenye kikombe cha maua chenye kisahani, kile kinachokaa kabatini kwa ajili ya wageni. Mimi niliyelala kwenye godoro lake miezi mitatu! Niliinywa yote.

Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: siri ya mtu siigeuzi biashara, na nikiona balaa linakuja kwa mwenzangu kwa sababu yangu, nitapiga simu hata kama sauti inatetemeka. Laivu bado naingia, nitakula nini. Watazamaji sasa ni wengi, mkosi nao una soko lake. Kile kipande changu cha buluu nimekikunja ndani nje, nimekifunga kwa kamba ileile, nimekirudisha kwenye rafu nyuma yangu, na haipiti siku mtu asiandike: mama, hiyo iliyofungwa ni nini, ifungue tuone.

Nawaambia hiyo haifunguliwi. Kisha napekua majina ya wanaotazama, moja moja mpaka chini, nikitafuta la Yaya.