Neno Nililolibeba Hadi Brampton

Nilifunga safari kwa sababu ya goti la mwanamume ambaye sikuruhusiwa kumtazama usoni.

Binti yangu Nasimiyu, ambaye ni muuguzi huko Toronto, alinipigia simu nikiwa hotelini kwangu Kimilili nikikanda unga wa chapati. "Mama," akasema, "njoo umwambie aache." Sikuuliza nani aache nini. Mume wake hucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kugongana, na ndiyo kazi anayolipwa. Huu ulikuwa mwaka wake wa nane. Goti la kulia lilikuwa limepasuliwa mara mbili, na daktari alishasema kwamba likiumia tena huenda akashika mkongojo kabla ya kuota mvi. Nasimiyu alikuwa amemsihi, amenuna, amelia. Jibu lilikuwa lile lile: "Msimu huu tu." Msimu ukiisha, anataja mwingine.

Huenda msomaji akauliza mimi ningesema nini ambacho mke hakusema. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali meza moja, hawaitani kwa jina. Vijana wengi wameyaacha haya, lakini mkwe wangu alilelewa na nyanya yake na anayashika kuliko hata mimi. Heshima hiyo ina upande wake wa pili: mama mkwe akitamka ombi, mkwe hakatai. Ndiyo maana mama mkwe mwenye akili haombi ovyo. Nasimiyu alilijua hilo vizuri. Nilikuwa nimetumwa nikiwa na neno moja tu, "Acha," na kazi yangu ilikuwa kulifikisha.

Eldoret, kwenye uwanja wa ndege, asubuhi, nilisindikizwa na rafiki yangu Mama Khisa, ambaye tumeuza chakula pamoja tangu tungali wasichana. Alinifungia unga wa wimbi na uyoga mkavu, akanionya nisisinzie karibu na watu nisiowajua. "Na ukifika," akasema, "usizunguke. Sema, kisha urudi." Nikamwambia kwamba mimi sijawahi kuzunguka maishani mwangu. Alicheka mpaka mlinzi wa mlangoni akatugeukia.

Kutoka Nairobi nilikaa ndani ya ndege muda ambao mtu angelima shamba akapanda. Miguu ilivimba. Kijana aliyeketi kando yangu, mwanafunzi kutoka Thika, aliniuliza ninaenda kumtembelea nani. Nikasema binti yangu. Alipouliza kama ana mume, nikamjibu kwamba yupo, ila huyo simwoni. Alinitazama kwa huzuni. Nadhani alifikiri nimefiwa.

Toronto, kwenye uwanja wa ndege, Nasimiyu alinikumbatia mpaka kilemba kikanidondoka. Mkwe wangu alikuwa amejificha nyuma ya nguzo. Nasema kujificha, lakini nguzo ile ilimfunika katikati tu, mabega yakabaki yanaonekana pande zote mbili. Niliweka sanduku chini, nikasogea kando, nikageukia ukuta. Akaja akalichukua bila kuinua macho. Nilisikia hatua zake zikienda: moja nzito, moja nyepesi. Nilizaa watoto sita, najua mguu unaoficha maumivu.

Brampton, mji ulio kando ya Toronto, ndiko wanakoishi, chini ya nyumba ya watu, katika vyumba ambavyo mlango wavyo uko ubavuni, nawe unaufikia kwa kushuka ngazi za saruji. Ukisikia mchezaji wa kulipwa unafikiria jumba na bwawa la kuogelea. Huko Kanada, aliniambia Nasimiyu, ni wachache wanaofika hapo, na msimu ukifungwa mumewe hupakia mizigo katika ghala moja kule Downsview. Dari ilikuwa fupi. Mkwe wangu aliinamisha kichwa kila alipopita chini ya bomba, hata gizani, kwa mazoea.

Sasa fikiria watu wawili wanaopaswa kuepukana, wakiwekwa katika vyumba vitatu na choo kimoja. Tulijitungia utaratibu. Yeye alikohoa kabla ya kutoka chumbani, mimi niliimba wimbo wa kanisani kila nilipoelekea bafuni. Chai ikiiva, niliiambia sufuria, "Sijui kama kuna mtu humu anayetaka chai." Yeye, nyuma ya mlango, aliuambia mlango, "Labda yupo." Nikaiacha mezani, nikaenda zangu, kikombe kikatoweka. Nasimiyu alitwambia sisi wawili tumerogwa.

Wiki ya kwanza ikapita sijasema neno langu. Mara mbili nilimkaribia, nikasimama nje ya mlango wake. Mara ya kwanza nilisikia akimwaga barafu ndani ya beseni ili aweke goti, akiguna kwa sauti ndogo ili nisimsikie. Mara ya pili alikuwa akitazama mechi ya zamani, akijisemea, "Hapo nilichelewa, hapo nilichelewa." Nilirudi jikoni. Neno la namna ile halisemwi mara mbili, na mimi sikuwa nimewahi hata kuiona kazi niliyokuja kumwachisha.

Jumamosi tulikwenda kuiona. Uwanja uko karibu na ziwa, na upepo wake hauna adabu hata kidogo. Watu walikuwa wamevaa jezi, na wawili waliokaa mbele yetu walikuwa na jina la mkwe wangu mgongoni kwa herufi kubwa. Nikageuza macho. Uwanja mzima uliruhusiwa kulisoma isipokuwa mimi.

Nilingoja ashike mpira. Nilingoja sana. Nasimiyu alipotambua ninachongoja, akanishika mkono. "Mama, miaka minane hajakimbia nao hata mara moja. Kazi yake ni kuzuia tu." Akanieleza. Nyuma ya mumewe husimama mrushaji, ambaye anahitaji nafasi ndogo atazame, achague, arushe. Upande wa pili kuna wanaume wenye miili ya mafahali wanaotaka kumwangusha kabla hajarusha. Mkwe wangu anasimama katikati, anagongwa yeye, ili mwenzake asiguswe. Mpira ukidakwa huko mbali, watu wanamshangilia aliyerusha na aliyedaka. Wakati huo yeye yuko chini, anatafuta mahali pa kuweka mkono ainuke.

Tangu hapo sikuutazama mpira tena. Nilimtazama yeye, tena kwa mara ya kwanza waziwazi, kwa kuwa alikuwa mbali na amevaa kofia. Alikuwa hodari. Alijua mtu atapitia wapi kabla mtu mwenyewe hajajua. Niliona fahari iliyonishangaza, na neno langu likawa chungu mdomoni.

Kipindi cha tatu, mtu mmoja alisukumwa akamwangukia ule mguu kwa nyuma. Haikuonekana kama jambo kubwa. Wengine wote waliinuka, yeye hakuinuka. Mtangazaji akataja jina lake, na Nasimiyu akasimama akiwa na uso wa muuguzi, si wa mke. Mkwe wangu alitolewa kwa kigari. Alipopita upande wetu aliinua mkono, watu wakapiga makofi, na mimi nikalia hadharani kama mtoto.

Jumanne daktari alisema goti linaweza kurekebishwa mara ya tatu. Akifanya mazoezi mwaka mzima, huenda akacheza tena. Timu nayo ilisema itamngojea, ila ingetaka jibu lake kabla ya wiki kuisha. Nasimiyu alinivuta bafuni, akafungua bomba ili tusisikike. "Sasa, Mama. Ukingoja zaidi atakubali kurudi uwanjani." Nikamwahidi nitasema mumewe atakaporudi kutoka hospitalini kufungwa vyuma vya goti, siku ambayo yeye Nasimiyu angekuwa kazini.

Alhamisi alasiri mvua ya barafu ilikuwa ikinyesha. Dereva wa teksi alimwacha mkwe wangu nje akaondoka. Nilifungua mlango wa chini, nikamwona juu ya ngazi, kwenye magongo mawili, amevaa kaptura kwa ajili ya vyuma vya goti, mapaja wazi. Tuliona aibu wote wawili.

"Mama," akasema akitazama pembeni, "tafadhali ingia ndani nishuke."

Nikaingia. Ndivyo inavyopasa. Nikasimama jikoni nikisikiliza: gongo, mguu, gongo, mguu. Kisha gongo moja likaanguka, likabingirika ngazi hadi chini, na mguu haukufuata.

Nilitoka. Alikuwa amejibana ukutani, mguu mbovu ukining'inia, gongo lililobaki likiteleza kwenye maji. Akaniambia nirudi. Nilipanda hadi alipo, nikapitisha mkono wake begani mwangu, nikamshika kiuno.

"Wafula," nikamwambia, "niegemee."

Sijui ni nani kati yetu aliyeshtuka zaidi kulisikia jina hilo. Lakini aliegemea, na mwanamume yule ni mzito, Mungu anajua. Tulishuka. Alitaka kuharakisha kwa sababu ya aibu, nikamkemea kama ninavyomkemea mtu anayebeba sufuria ya moto. Tulipofika chini nilimketisha kwenye kiti cha mezani, nikamfunika miguu kwa leso niliyojifunga kiunoni, nami nikaketi mbele yake.

Aliivuta leso hadi chini ya goti. Kisha akasema, "Najua ulitumwa, Mama. Tangu siku ile uwanja wa ndege."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangojea useme. Wewe siwezi kukukatalia. Ungesema acha, ningeacha, na nisingekuwa mimi niliyeshindwa. Ningewaambia watu nilimheshimu mama mkwe." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kila ulipoimba ukienda bafuni nilidhani leo ndiyo leo."

Nilicheka, kisha nikasikitika, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa. "Mwanangu, nimeshakushika. Nimekuita jina. Lile neno langu limeishia kwenye ngazi. Sasa ukinikatalia utakuwa umenikatalia kama hawa sita wangu, wanaonikatalia kila siku na jua linachomoza."

"Basi niambie kama mama."

"Kama mama nakwambia unywe uji, umepigwa na baridi."

Akaunywa. Tulikula meza moja tangu alasiri hiyo. Alinieleza kwamba haogopi maumivu, anaogopa asubuhi ya siku ambayo hakuna atakayehitaji asimame mbele yake. Nilimwambia tu kwamba hata mimi naogopa siku nitakayofunga hoteli. Nasimiyu aliporudi kutoka kazini alitukuta tumeketi tukichambua uyoga wa Mama Khisa, akasimama mlangoni na koti lake na funguo mkononi, asijue aingie au atoke.

Ijumaa asubuhi, Wafula alimpigia kocha simu akiwa mezani pale pale, hakwenda chumbani. Alizungumza kwa Kiingereza, taratibu, na sauti ilimkatika mara moja tu. Alisema amemaliza. Alimshukuru. Alipokata simu alitutazama akasema, "Nimeacha mwenyewe," kisha akalia, na mke wake akamshika kichwa. Mimi nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya kurudi hakuna aliyejificha nyuma ya nguzo. Alikuja na magongo yake hadi pale wasiosafiri wanapozuiwa, akanipa blanketi zito la rangi ya kahawia. Kwetu blanketi la mkwe ndilo linalofuta mambo kama yale ya kwenye ngazi. Nikalipokea kwa mikono miwili, kisha nikampa mkono, akaushika. Nasimiyu akaninong'oneza kwamba miaka yote hii alidhani mila zetu ni ukuta. Nikamwambia ni ukuta kweli, na ukuta husaidia, ila mtu akianguka upande wa pili unatafuta mlango. Hilo nililijifunza uzeeni, tena Brampton.

Kimilili nilifika jioni, Mama Khisa akiwa ameshawasha jiko langu. Alilipapasa blanketi, akaelewa mkwe wangu amenigusa, akakunja uso kidogo, kisha akaona afadhali aulize la maana.

"Kwa hiyo ameacha?"

"Ameacha."

"Nilijua. Neno la mama mkwe. Hebu niambie, ulimwambiaje?"

Nilivua viatu kwanza, miguu ilikuwa imevimba tena.

"Nilimwambia ashuke pole pole," nikasema, "ngazi bado hazijaisha."